Faru wa babu

SWALI: Shikamoo mzee. Babu yangu ametuachia nyota ya shaba yenye pembe sita na kipande cha kitambaa chenye kichwa cha faru. Alipokuwa hai alisema alipigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia, nasi wajukuu tukidhani anatupiga fiksi. Kikosi chenye alama hiyo ya faru kilikuwepo kweli? – Mjukuu, Songea

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako hakuwadanganya hata chembe. Huyo faru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwanzoni mwa 1943, Waingereza walipohitaji watu wa kupambana na Wajapani. Walikusanywa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Kama babu aliandikishwa Tanganyika, anza kwa kuulizia Batalioni ya 26 na ya 36. Zote zilikuwa humo.

Walivushwa bahari hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo) kufanya mazoezi. Safari yenyewe ilikuwa mauti: Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Kila nikiandika habari hii mkono unakuwa mzito.

Waliofika salama walipelekwa Burma. Kuanzia Agosti 1944 waliwafukuza Wajapani kutoka mji wa Tamu kushuka bonde la Kabaw, mvua ikinyesha mchana na usiku, barabara zimegeuka tope, chakula kikidondoshwa na ndege kwa miavuli. Baba yangu mkubwa alikuwa huko. Mapigano alikuwa hasimulii. Alichosimulia ni kidonge cha manjano cha malaria, kichungu kama shubiri: unapanga foleni, unakimeza mbele ya ofisa, unafungua kinywa akague. Macho na ngozi vikawa vya manjano. Desemba walifika mji wa Kalewa wakavuka mto Chindwin, na njia ya kuelekea Burma ya kati ikafunguka.

Nyota hiyo huenda ni Burma Star, nishani ya waliotumikia vita vya Burma; hakupewa mtu wa kukaa kambini nyumbani. Kitambaa usikifue, uzi wa zamani huchuja rangi. Kifunge kwenye karatasi safi, juu yake uandike jina la babu na kijiji chake.