Tuisheni ya hisabati: kijana wa kidato cha sita au mwenye shahada?

Dada, umeuliza kama kijana aliyemaliza kidato cha sita anafaa kumfundisha mwanao wa kidato cha pili hisabati, au utafute mwenye shahada ya ualimu. Kijana aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) akafaulu vizuri anatosha kabisa. Mwombe cheti chake cha NECTA, Baraza la Mitihani, uangalie alama ya somo lenyewe, maana divisheni wani inaweza kuficha C ya hisabati.

Halafu kaa nao kipindi cha kwanza. Toa swali ambalo mtoto alilikosa shuleni. Kijana akikimbilia kuandika jibu daftarini, achana naye. Akimuuliza mtoto, "Hapa ulifikaje?", huyo anajua kufundisha, hata kama hana shahada.

Na wasomee sebuleni, mlango wazi.