Mkuu, usimtilie mdogo wako chumvi

Futa hiyo fomu kwanza. Unasema mdogo wako katoka jeshini, timu ya besiboli ya hapo kwenu Marekani humheshimu mwanajeshi mmoja kila mechi, nawe unataka kumjazia fomu kimyakimya iwe sapraizi. Halafu unauliza tarehe, viti, na kama Mama ataruhusiwa kuingia na chapati. Chapati tutazifikia.

Fomu kama hiyo niliijaza mimi. Dogo aliingia jeshini kwa MAVNI, ule mpango wa 2008 wa kuchukua wageni wenye lugha zinazotakiwa, Kiswahili kikiwemo. Fundi wa malori. Miezi tisa Kuwait, kambi ya Arifjan, grisi mpaka kwenye viwiko. Afghanistan hakukanyaga. Kuumia aliumia: boneti la lori lilimbana kidole, kucha ikang'oka.

Sasa kuna mzee kwenye grupu letu la WhatsApp, mjuzi wa kila kitu, hata kodi yangu ndiye aliyeivuruga. Akaniambia, "Tia chumvi kidogo, Wamarekani wanapenda hadithi." Nikatia. Dogo alikuwa Specialist, nikampandisha Sajenti. Jeshi lenyewe lilikuwa halijampandisha. Kuwait ikazaa Afghanistan. Kidole kikawa "alijeruhiwa akilitumikia taifa".

Siku ya mechi ikafika. Wachezaji wanabadilishana zamu, mara uso wa dogo huo kwenye skrini kubwa kama ghorofa. Mtangazaji anasoma kila neno langu kwa sauti ya msibani. Uwanja mzima ukasimama. Mama vigelegele na machozi. Dogo kakaa. Nikamsukuma bega nikidhani anaona haya. Akasimama, kofia mkononi, anaikunja, anaikunja, mpaka ukingo ukavunjika.

Kando yake walikaa wenzake wawili wa kikosi, nimewaalika mwenyewe, kwa hela yangu. Mmoja akamwinamia: "Kwani lile boneti lilikuwa la Taliban?" Wakacheka. Mimi pia nikacheka, mjinga. Hapo mzee wa safu ya mbele, mguu mmoja wa chuma, akageuka kumpa dogo mkono. Kwenye kofia yake imeshonwa Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui. Kicheko kikakatika. Dogo akaupokea ule mkono, angefanyaje, kisha akasema anakwenda chooni. Tulimkuta kwenye maegesho, kakaa chini nyuma ya gari. Miezi minne hakupokea simu yangu.

Kwa hiyo sapraizi sahau. Maneno yote ayasome mwenyewe kabla hujatuma. Akifuta mstari, usiurudishe. Akikataa kabisa, nunueni tiketi za kawaida mle karanga. Na usiniambie "wangu ni mcheshi, hatajali". Wangu alikuwa mcheshi kuliko wako.

Tarehe: hiyo Jumatatu ya mwisho ya Mei uliyoitaja ni Memorial Day, siku ya waliokufa vitani. Saa tisa alasiri watu hukaa kimya dakika nzima. Wako yuko hai, mtafutie siku nyingine. Usingojee Veterans Day, Novemba 11 msimu wa besiboli umeshaisha.

Yule mzee wa grupu bado yupo, juzi nimemkuta anamshauri mtu mambo ya viza. Viti sikumbuki ulitaka nini. Chapati Mama alizitia mkobani chini ya khanga, hakuna aliyemgusa.