Kliniki haitauliza ya chumbani, anza wewe

Nameza ARV, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, tangu 2014. Kila nikienda kliniki maswali ni yaleyale: umeruka dozi? Unakohoa? Panda kwenye mizani. Ya chumbani hayaulizwi, nami nilinyamaza, nikiogopa kuonekana sina haya.

Kosa langu lilikuja na habari njema. Mwaka 2019 kipimo kilionyesha virusi vyangu havionekani tena kwenye damu. Nilipanda matatu ya Kayole nikitabasamu peke yangu kama bibi harusi. Mwenzangu hana virusi, na hali yangu aliijua tangu mwanzo. Tulishaelezwa kwamba virusi vikikaa chini ya 200 kwa kila mililita ya damu, havipitishwi kwa ngono. Ni kweli kabisa. Utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo mwaka 2016 na 2019, ulifuatilia wapenzi wasiotumia kondomu na haukupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake wa namna hiyo. Basi kondomu tukaziaga.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kutokwa na uchafu, tumbo la chini linauma. Wiki tatu nzima nilikunywa mwarobaini. Jamani, mwarobaini! Kumbe ni kisonono. ARV hazizuii kisonono wala kaswende. Nani alikitoa wapi, hayo tuliyamaliza nyumbani. La muhimu tulitibiwa wote wawili pamoja, maana akitibiwa mmoja mtarudishiana.

Tangu siku hiyo nauliza. Niliuliza kuhusu kijiti cha kupanga uzazi, kwa sababu dada mmoja wa kikundi chetu alishika mimba kijiti kikiwa mkononi. Alikuwa anameza efavirenz, aina mojawapo ya ARV, na dawa hiyo hupunguza nguvu ya kijiti. Dolutegravir, ambayo wengi wetu tunameza sasa, haina shida hiyo. Niliuliza pia kuhusu saratani ya mlango wa kizazi: sisi hatari yetu ni kama mara sita ya wanawake wasio na virusi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka tuanze kupimwa tukifika miaka 25. Mimi nilikuwa nimeshapita umri huo zamani, na hakuna aliyenigusia.

Na wewe ambaye mwenzako hajui hali yako: usijilazimishe kumwambia usiku wa leo. Kama ni mtu wa kurusha mkono, zungumza na mshauri kwanza, mpange utamwambia wapi na nani awe karibu.

Maswali yangu huyaandika kwenye karatasi, naitia ndani ya pochi, la sivyo ulimi hukwama. Safari iliyopita nilimkuta muuguzi kijana, umri wa mwanangu. Nikamsomea: ukavu, na Vaseline tunayopaka tangu tuzirudie kondomu. Akainama kwenye faili, masikio yamemwiva. Lakini alijibu vizuri: mafuta hupasua kondomu, tumia jeli ya maji. Kisha akafungua droo akanipa.