Kutoka Prado ya petroli kwenda Hilux ya dizeli: ukishaanza kuvuta trela

Prado ya petroli ya V6 ikipanda mlima Kitonga na trela ya tani mbili nyuma, dereva anajua kwa masikio kabla ya macho. Giaboksi inajirudisha gia ya 2, mizunguko inapita 4,000, feni inavuma, na lori alilolipita muda mrefu linaanza kukua kwenye kioo. Gari si bovu. Injini ya 1GR ya lita 4.0 ina nguvu ya kuzungusha ya kama Nm 380, ila inaitoa ikishakaribia mizunguko 4,000 kwa dakika. Tena hizo 380 zimepimwa usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ukifika Mbeya, mita 1,700 hivi, umebaki na kama 315. Anayetoka Mombasa kwenda Limuru anapoteza zaidi ya hapo.

Hilux ya dizeli ya 2.8, ile yenye injini ya 1GD iliyoanza 2015, ikiwa ya otomatiki inatoa Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,400. Za kuanzia 2020 zimepandishwa hadi 500. Ya 2.4 inafika 400. Hiyo mizunguko 1,600 hadi 2,400 ndiyo unayotembea nayo siku nzima, na tabo inaisukumia injini hewa hata kule juu ambako hewa ni nyepesi. Ndiyo maana pikapu inapanda mlima uleule bila kelele na kwa mafuta machache.

Wengi hesabu yao inaishia hapo, wanauza Prado. Kupanda mlima ndilo jambo rahisi kuliko yote. Yanayomtesa mtu miezi sita baadaye ni uzito wa nyuma, uchafu wa mafuta na mteremko.

Soma kibati kabla ya kusoma tangazo

Tangazo litakuambia Hilux inavuta kilo 3,200 au 3,500. Fungua mlango wa dereva, utafute kibati, kisha utafute namba mbili. GVM ni uzito wa juu wa gari lenyewe na kila kilichomo, pamoja na uzito ambao trela inaulalia mkia wa gari. GCM ni uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Kama GCM haimo kwenye kibati, imo kwenye kitabu cha gari.

Chukua double cabin yenye uzito mtupu wa kilo 2,100 na GVM ya 3,050. Nafasi uliyonayo ni kilo 950. Watu watano, kilo 375. Bampa la chuma, keriya na tobaa (kile chuma cha nyuma kinachofungiwa trela), kilo 150. Trela inayolalia tobaa kwa kilo 200. Umebakiwa na kilo 225, yaani mifuko minne ya saruji na chupa za maji ya kunywa. Sasa ikiwa GCM ni 5,850, na gari limeshajaa hadi 3,050, tairi za trela haziwezi kubeba zaidi ya 2,800, yaani trela nzima isizidi 3,000 ukijumlisha zile 200 zinazolalia tobaa, hata tangazo liseme nini.

Usikadirie uzito wa trela kwa macho. Mizani ipo kwenye viwanda, maghala ya mazao na kwa wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu. Pima gari likiwa na trela, halafu pima trela peke yake ikiwa imefunguliwa na ina mzigo wake wa kawaida. Ni kazi ya nusu saa.

Mkia

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu pikapu na Prado hazifanani. Springi za bapa za Hilux zinabeba mzigo vizuri kuliko koili za Prado, na umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni mrefu zaidi, milimita 3,085 dhidi ya 2,790, kwa hiyo trela haimtikisi dereva sana. Lakini mpira wa tobaa, lile duara la chuma linalokaliwa na trela, umekaa kama mita 1.2 nyuma ya ekseli. Hiyo ni wenzo. Kilo 200 zikilala pale, ekseli ya nyuma inabebeshwa karibu 278, na ekseli ya mbele inapunguziwa 78. Gari linainua pua, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, na usiku madereva wa upande wa pili wanakuwashia fulu kwa sababu taa zako zinawapiga machoni.

Pima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi ukingo wa matao ya tairi za mbele, kabla na baada ya kufunga trela. Pua ikipanda zaidi ya sentimita 2 au 3, panga mzigo upya. Vitu vizito kwenye sehemu ya mzigo ya pikapu visogezwe hadi nyuma ya kabini, mbele ya ekseli. Mafundi watakushauri uongeze jani moja au mawili ya springi. Jani linanyanyua mkia, gari linaonekana limenyooka, lakini uzito ulioondoka kwenye tairi za mbele haurudi, na GVM haiongezeki hata kilo moja.

Uzito unaolalia mpira uwe kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wa trela. Trela ya kilo 2,000 basi ilalie kwa kilo 140 hadi 200. Mizani ya bafuni haifiki huko, ila kuna njia. Chukua ubao mgumu, upande mmoja uulaze juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani, sentimita 90 kati ya egemeo na egemeo. Shusha mguu wa trela juu ya ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itasoma theluthi moja. Zidisha kwa 3. Ikisoma 60, una kilo 180.

Uzito huo ukiwa mdogo mno, trela inacheza mkia. Inaanza taratibu ukiwa unateremka au lori linapokupita, halafu kila mtikiso unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Ukifika hapo usikanyage breki na usipambane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani mnyoofu, uache kasi ishuke yenyewe. Ikishatulia, simama urudishe mzigo mbele ya ekseli ya trela.

Wanaovuta maji wawe makini mara mbili. Tenki la lita 1,000 likiwa limejaa ni tani moja iliyotulia. Likiwa nusu ni kilo 500 zinazokimbia mbele ukifunga breki na kurudi nyuma ukiondoka, na mpira unasukumwa na kuvutwa kila unapobadili gia. Tenki lisilo na vizuizi ndani lijazwe au limwagwe lote.

Na breki za trela. Kwa Hilux, trela yenye zaidi ya kilo 750 inatakiwa iwe na breki zake. Nyingi zinazochomelewa mtaani hazina, zina ekseli ya gari chakavu yenye ngoma tupu. Hilux haitakuokoa hapo kwa kuwa tu ni pikapu. Breki rahisi kwa huku ni zile za msukumo: gari likifunga breki, trela inalisukuma, kichwa chake kinarudi nyuma na kuvuta waya wa breki. Hazihitaji umeme. Zinahitaji grisi kwenye mtelezo wa kile kichwa na waya kukazwa mara kwa mara, vinginevyo trela itaanza kufunga breki kwa kuchelewa na kwa kishindo.

Sheli, chujio na maji

Kosa la kwanza la aliyezoea petroli ni kusimama sheli akiwa na simu sikioni. Bomba la petroli ni jembamba, linaingia vizuri kwenye tundu la dizeli, kwa hiyo hakuna kitu kitakachomzuia mhudumu. Shuka, tamka "dizeli", na uangalie pampu. Usiamini rangi ya bomba, zinatofautiana.

Petroli ikishaingia, usiwashe. Usigeuze hata ufunguo, maana baadhi ya magari yanaanza kuvuta mafuta hapo hapo. Pampu ya shinikizo la juu inalainishwa na dizeli yenyewe. Petroli inaosha ulaini ule, vyuma vinasagana, na unga wa chuma unasukumwa hadi kwenye nozo, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Gari lisukumwe pembeni, tenki limwagwe, chujio libadilishwe. Gharama yake si kitu ukilinganisha na pampu na nozo nne.

Maji ni adui wa pili, na huyu anakuja kimya. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, lakini salfa ndogo haizuii maji ya kwenye tenki la sheli au la pipa la shambani. Ukiweka mafuta ya pipa, yaache yatulie usiku mzima na usinyonye ya chini. Hilux ina taa ya maji kwenye dashibodi. Ikiwaka, zima injini, weka kopo chini ya chujio, legeza skrubu ya chini kwa mkono, kisha pampu kile kitufe cha juu ya chujio mpaka ianze kutoka dizeli safi. Kaza kwa mkono tu, ni plastiki. Chujio lenyewe libadilishwe kila kilomita 10,000, na uwe na jipya ndani ya gari. Chujio la bei poa ni akiba ya kijinga.

Kama gari limetoka Japani au Ulaya, uliza kama lina chujio la moshi, DPF. Linachoma masizi yake gari likitembea kwa mwendo wa kutosha kama dakika 20 mfululizo. Kuvuta trela safari ndefu kunalisaidia. Kuzunguka mjini kilomita 3 kwa siku kunaliziba. Baadhi yanatumia pia maji ya urea, AdBlue, kwa hiyo uliza yanapatikana wapi kwenu kabla ya kulipia.

Ukinunua iliyotumika

Utakutana na Hilux za 3.0, injini ya 1KD. Ni injini nzuri yenye ugonjwa mmoja unaojulikana: washa za shaba chini ya nozo. Zikichoka, hewa ya moto wa silinda inapenya juu hadi kwenye oili, masizi yanaganda, yanaziba wavu wa kunyonyea oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Tabo inakosa oili kwanza, injini inafuata. Usinunue bila fundi kuangalia. Ukifungua mfuniko wa oili na kukuta lami nzito badala ya oili nyeusi ya kawaida, sampu ishushwe wavu uonekane kabla ya kuzungumza bei.

Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana sababu. Moshi mweupe unaodumu baada ya dakika moja, au mlio wa kugonga unaotulia injini ikipata moto, ni dalili ya nozo.

Oili ya 1GD ni lita 7.5 pamoja na filta, na anayevuta trela abadilishe kila kilomita 5,000. Ukimaliza kupanda mlima na mzigo, usizime papo hapo. Iache inguruma dakika 1 hadi 2, tabo ipoe huku oili ikizunguka. Ukizima ghafla, oili iliyomo inaungulia palepale.

Kuteremka

Jambo linalowashangaza waliotoka kwenye petroli: dizeli haishiki gari kama walivyozoea. Kwenye petroli ukitoa mguu, kile kilango cha hewa kinajifunga na injini inageuka breki. Dizeli haibani hewa hivyo, kwa hiyo gari linateleza mbele na dereva anashikilia pedali. Dakika chache tu pedi zinanuka, pedali inakuwa ndefu, na nyuma kuna tani mbili.

Chagua gia kabla ya mteremko kuanza. Weka otomatiki kwenye S na uishushe hadi 3 au 2, mizunguko ikae kati ya 2,500 na 3,500. Breki zikanyagwe kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha ziachiwe zipoe. Lori lililo mbele likienda kwa kilomita 20 kwa saa, wewe pia nenda 20.

Kabla ya kuondoka, minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kichwa cha trela, ili kikichomoka kidondokee juu yake badala ya lami. Taa zijaribiwe moja moja, mtu akiwa nyuma. Kisha baada ya kilomita 50 simama kivulini, zunguka trela, weka kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu. Uvuguvugu ni sawa. Kimoja kikikuunguza na vingine havikuunguzi, beringi imekaza au breki inashika, na hicho kifunguliwe hapo hapo. Kwa trela ya boti, fanya hivyo pia kabla ya kuiingiza majini: kitovu cha moto kikizamishwa kwenye maji baridi ya chumvi hunyonya maji ndani, na grisi yako inageuka maziwa.