Nimebadili jina, benki bado inasoma la zamani

SWALI: Wakili, nilibadili dini na nikaapa jina jipya. Kiapo ninacho, kina muhuri. Benki wamekataa kubadili jina la akaunti. Nikiweka kidole linatokea la zamani. Nianzie wapi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Dada yangu, pole kwa usumbufu, ila mhudumu wa benki yuko sahihi. Ukiweka kidole, mashine inavuta taarifa zako NIDA, na huko bado unajulikana kwa jina la zamani. Laini za simu nazo husajiliwa hivyohivyo. Kabla NIDA haijabadilika, kuzunguka ofisi nyingine ni kumaliza nauli bure.

Hata NIDA usiende na kiapo pekee. Kiapo kinafaa pale vyeti vinapopishana, kimoja Hadija kingine Khadija, nawe unaapa kuwa wote ni mtu mmoja. Wewe umeacha jina ukachukua jingine, na hilo linataka hati ya kubadili jina, maarufu kama didi poli. Wakili anaiandaa, unaisaini, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Fuatilia pia jina litangazwe kwenye Gazeti la Serikali, uweke nakala.

Kabla ya kusaini, tafadhali soma majina yako yote matatu herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wake. Wateja wangu huwa nawataka wayasome kwa sauti. Herufi moja ikiruka hapo, itakufuata NIDA, benki na kila utakakopeleka hati hiyo.

Namba yako ya NIDA, zile tarakimu 20, haibadiliki. Ni jina tu. Likishasomeka, nenda benki, laini ya simu, TRA kwa ajili ya TIN, na leseni kama unayo.

Kama umeajiriwa, NSSF usiiache iwe ya mwisho. Mjulishe mwajiri kwa barua, ambatisha hati, ili jina la kwenye mishahara na la uanachama yaende pamoja. Michango ikiwa na majina mawili, anayehangaika ni wewe siku ya kudai mafao, au wanao ukiwa haupo.

Vyeti vya shule viache na jina lake. Ukiomba kazi, ambatisha nakala ya hati iliyothibitishwa. Na tiketi ya ndege ikate kwa jina lililo kwenye pasipoti uliyonayo mkononi, mpaka Uhamiaji wakupe mpya.