Uliza Ujibiwe: Ejenti wa AI asome nini kabla hajagusa databesi

SWALI: Habari za kazi. Mi ni admini wa databesi, tunatumia PostgreSQL (programu ya kuendesha databesi) pamoja na rundo la skripti tulizoandika wenyewe. Sasa bosi anataka ejenti wa AI, yaani programu inayokimbiza komandi yenyewe, azitumie, achukue bekapu, aue kueri zilizoganda, aangalie nafasi kwenye diski. Maelezo tuliyonayo yaliandikwa kwa ajili ya watu na mengi ni mistari miwili mitatu tu. Nimpe hayohayo au niandike upya? – Admini mwenye wasiwasi

JIBU: Nzuri, na huo wasiwasi baki nao. Andika upya, ila sio lazima yote. Shida ya maelezo ya watu ni kwamba nusu yake iko vichwani, mtu mgeni akikuta skripti inaitwa "safisha" atamgeukia mwenzake amuulize oya hii inasafisha nini, loga au tebo? Ejenti mara nyingi haulizi, anaona jina limeendana na kazi aliyopewa, anaikimbiza. Kwahiyo kwa kila komandi usiishie kutaja flagi zake (vile vichaguo unavyoongeza kwenye komandi), andika baada ya kukimbia kitu gani kitakuwa kimebadilika, kinarudishika au ndo basi tena, na nani atakwama wakati inakimbia.

Chukua VACUUM na VACUUM FULL, komandi za kusafisha mabaki ya mistari iliyofutwa kwenye tebo. Kwa majina ni kama mapacha, lakini ile ya kawaida inafanya kazi huku watu wanaendelea kusoma na kuandika, wakati FULL inaifunga tebo nzima hata SELECT inasubiri, alafu inaandika tebo upya kwahiyo inadai nafasi ya ziada kwenye diski. Sasa ejenti uliyemwambia diski imejaa atakimbilia ipi? FULL, na hapo ndo haitafika popote maana nafasi yenyewe haipo. Hiyo sentensi moja inabidi iwepo kwenye maelezo yako. Nyingine ni EXPLAIN ANALYZE, inaonekana ya kuchungulia tu kumbe inaikimbiza kueri kweli, ukiiwekea DELETE mistari inafutika, labda uwe umeifunga kati ya BEGIN na ROLLBACK, ambayo inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Na kuua kueri, mwandikie mpangilio: kwanza pg_cancel_backend inayosimamisha kueri tu, ikigoma ndo pg_terminate_backend inayokata muunganisho mzima.

Kitu ambacho wengi wanaruka ni jinsi ya kujua kazi imefanikiwa. Ukikimbiza faili la komandi kwa psql -f (psql ndo programu ya kuongea na PostgreSQL) na mstari wa katikati ukagoma, psql inaendelea na mistari inayofuata kama hakuna kilichotokea na mwisho inarudisha 0, yaani namba ya "nimefanikiwa", basi ejenti anakuletea ripoti safi kabisa kwamba imekamilika!! Iwashie psql mpangilio wa ON_ERROR_STOP, hapo itasimama palepale na kurudisha 3, namba ya kuonyesha skripti imegoma. Bekapu nayo hivohivo. GitLab, kampuni ya huduma ya kutunza kodi, walipopoteza data Januari 2017 iligundulika pg_dump yao (zana ya kuchukua bekapu) ilikuwa ya toleo 9.2 wakati seva ni 9.6, ikawa inafeli kimyakimya na hakuna aliyejua mpaka siku ilipohitajika, na hao walikuwa watu, tena wataalamu. Kwahiyo andika toleo, andika faili linatakiwa kuwa na saizi ya kuanzia ngapi, na kama ni la fomati ya custom (ile ya pg_dump inayosomwa na pg_restore) mwambie ajaribu kulisoma kwa pg_restore --list kabla hajasema tayari. Bandika pia meseji za error kama zinavyotoka, neno kwa neno, na chini yake afanye nini.

SWALI: Nimeandika juu kabisa kwa herufi kubwa USIFUTE KITU CHOCHOTE. Si inatosha?

JIBU: Haitoshi mkuu. Maelezo yanaongoza, hayazuii. Mpe role yake mwenyewe, yaani akaunti ya databesi yenye ruhusa zake, na kama kazi ni kusoma tu basi toka PostgreSQL 14 kuna role ya pg_read_all_data, ongeza statement_timeout na lock_timeout (ukomo wa muda wa kueri kukimbia na wa kusubiri kufuli) ili asigande mlangoni akizuia wengine. Wa MySQL mnayo --safe-updates inayokataa UPDATE au DELETE isiyo na WHERE inayotumia kolamu yenye key au LIMIT (jina lake lingine ni --i-am-a-dummy, waliotengeneza walikuwa na utani wao). Kama zana unazipitishia kwenye Model Context Protocol (utaratibu wa kuunganisha AI na zana) kuna alama za readOnlyHint na destructiveHint, ziweke, ila jua ni dokezo tu, zana ikidanganya kwamba inasoma tu hakuna kinachoizuia kufuta.

Alafu kabla hujamfungulia prodakshini, mpe maelezo yako na nakala ya databesi, mwambie akutajie komandi atakazotumia bila kuzikimbiza. Pale alipobuni flagi au akaruka hatua, ujue ndo pana mstari hujaandika.