Maswali ya Wasomaji: Dereva Anayerudia Kuendesha Amelewa

SWALI: Shikamooni. Mtaani kwetu kuna dereva wa fuso aliyekamatwa amelewa mara tatu, na bado tunapishana naye barabarani. Kwa nini asifungwe miaka kumi tukapumua? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Anayerudia astahili adhabu kali kuliko aliyekosa mara moja, na hapo tuko upande wako. Ila kabla ya kuhesabu miaka ya jela, jiulize: je, hakimu alijua kwamba mtu huyo ni mrudiaji? Mshtakiwa akishatiwa hatiani, hakimu humuuliza mwendesha mashtaka kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Akijibiwa "hatuna", mtu wa mara ya tatu huhukumiwa kama mgeni. Nazo hukosekana kirahisi: kosa la kwanza liliishia barabarani, jalada la pili likafia kituoni, na la tatu ndilo pekee lililofika mahakamani. Sheria ya namna hiyo hata ingetamka miaka ishirini, fuso lingeendelea kupita mtaani kwenu.

Tazama Uingereza wanavyopanda ngazi. Kiwango chao ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, isipokuwa Uskoti ambako tangu Desemba 2014 ni 50. Anayetiwa hatiani mara ya kwanza hufungiwa leseni kwa miezi isiyopungua 12. Akirudia ndani ya miaka 10, haipungui miaka 3. Aliyefungiwa mara mbili katika muda huo, au aliyekutwa na miligramu 200 na kuendelea, au aliyekataa kutoa sampuli, huingizwa kwenye kundi la hatari kubwa, na leseni hairudi mpaka daktari ampime na kuridhika. Alama ya kosa hubaki kwenye leseni miaka 11. Jela kwa kosa la kuendesha umelewa peke yake ukomo wake ni miezi 6, hata kwa mrudiaji. Akiua mtu ni habari nyingine: tangu 2022 anaweza kupewa kifungo cha maisha. Kwa hiyo kinachombana mrudiaji kule ni kumbukumbu isiyopotea pamoja na daktari, kuliko urefu wa kifungo.

Mfano unaotushawishi zaidi ni wa jimbo la South Dakota, Marekani, ulioanza 2005. Aliyerudia kosa hafungwi moja kwa moja. Anaamriwa asinywe kabisa, na kila siku anafika kupuliza kipimo mara mbili, asubuhi na jioni. Akikutwa amekunywa, anawekwa ndani hapo hapo kwa siku moja au mbili, kisha anarudi kazini na kwenye ratiba yake ya kupimwa. Asipotokea, anatafutwa. Utafiti wa taasisi ya RAND uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba kaunti zilizotumia mpango huo zilipunguza ukamataji wa warudiaji kwa asilimia 12, na wa vipigo vya majumbani kwa asilimia 9. Sababu inaeleweka na yeyote aliyeishi na mnywaji: kifungo cha mwakani, kesi ikiisha na shahidi akipatikana, hakimtishi mtu aliyeshika chupa. Mahabusu ya leo jioni anaiona.

Kipo pia kifaa kinachofungwa kwenye waya wa kuwashia gari. Dereva asipopuliza, au akipuliza pumzi yenye kilevi, gari haliwaki. Likishawaka humtaka apulize tena njiani bila kumpa taarifa, ili asitumie pumzi ya utingo. Akishindwa njiani injini haizimwi, maana ingekuwa hatari. Honi hulia, taa hupepesa, na tukio huandikwa kwenye kumbukumbu ya kifaa. Kinapokuwa kwenye gari, makosa ya kurudia hushuka kwa takribani theluthi mbili. Kikifunguliwa, faida karibu yote huyeyuka, kwa sababu kifaa kinazuia gari, hakitibu kiu. Ndiyo maana kukifunga bila kumpeleka mtu kwenye matibabu ni kazi nusu.

SWALI: Nina mabasi manne. Dereva wangu mmoja amenukia pombe mara mbili asubuhi, anadai alikunywa jana yake. Nimfukuze? Na nimpimeje bila kumwonea? (Mmiliki, Singida)

JIBU: Dai lake linaweza kuwa kweli, na bado asiguse usukani. Tuchukue mwanamume wa kilo 70. Bia moja ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi tupu. Akinywa nne kuanzia saa tatu usiku hadi saa sita, huwa na kama miligramu 120 katika mililita 100 za damu. Ini huondoa kama 15 kwa saa. Saa kumi na mbili asubuhi, basi linapoondoka, bado ana 30. Mtu wa gari binafsi Tanzania ana ukomo wa 80. Dereva wa abiria anatakiwa sifuri. Chupa ndogo ya gini, mililita 200 ya asilimia 35, ina gramu 55, karibu bia tatu. Na akizimua alfajiri, hesabu yote inaanza upya.

Mpime kwa kipimo cha kupuliza kabla hajakabidhiwa ufunguo. Mtazame dakika 15 bila kula, kunywa, kuvuta wala kusukutua, kwa sababu kilevi kilichobaki mdomoni hupandisha namba kwa uongo. Fungua mrija mpya mbele yake. Apulize mfululizo mpaka kifaa kilie. Kikisoma juu ya sifuri, subiri dakika 15 nyingine upime tena, kisha andika namba zote mbili, saa na majina ya waliokuwepo, naye atie saini. Kifaa kipelekwe kusanifishwa, yaani kuhakikiwa kama kinasoma sawasawa, kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi kila miezi 6, na cheti kitunzwe. Hapo ndipo kesi nyingi huanguka: kipimo ni sahihi, lakini hakuna karatasi inayothibitisha kwamba kifaa kilikuwa kizima. Pima madereva wote, siyo yeye tu, na pima tena kwenye kituo cha chakula, kwa kuwa wapo wanaoondoka wakavu.

Kuhusu kumfukuza: ukimtoa leo bila maandishi, kesho yuko kwenye basi la mwenzako na abiria wengine. Msimamishe kuendesha na umpeleke hospitali. Wahudumu wana dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu unywaji, la maswali 10, alama 40. Akifika 20 huenda ni mtegemezi wa pombe na anahitaji tiba. Tafadhali usimwamuru mnywaji wa kila siku aache ghafla peke yake nyumbani. Kutetemeka, jasho, hata degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na watu hufa hivyo. Akirudi kazini, apulize asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Akishindwa tena baada ya hapo, achana naye, na sababu ya kuachishwa iandikwe waziwazi kwenye barua.

SWALI: Supu ya mbuzi yenye pilipili au kahawa chungu haiondoi ulevi? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Hapana. Kahawa humfanya mlevi awe macho, naye akajiamini zaidi kuliko inavyofaa. Supu, maji baridi na jasho haviharakishi ini. Chakula kikiliwa kabla ya kunywa huchelewesha kilevi kuingia kwenye damu, lakini kikishaingia kinachokitoa ni saa tu.